Ombi la Kumhifadhi Mume Wangu Pamoja na Garimoshi Bihogo

Gikondo, Kigali
Machi 1992

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuhifadhi Garimoshi la Taifa,
Bwana Achille Bayingana, ambaye pia ni mtoto wa kaka yangu.

Kuhusu: Mume wangu Silvère, aliyesahaulika wakati wa kuhifadhi

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwanangu Achille,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazostahili ofisi yako. Zile za nyumbani utazikuta mwishoni. Nimefikiri sana kabla ya kuchagua Kiswahili. Kwa Kifaransa wewe ni Mwenyekiti na mimi ni mama wa kungoja nje kwenye benchi. Kwa Kinyarwanda mimi ni shangazi yako niliyekubeba mgongoni, na nikianza kuandika kwa lugha hiyo heshima itanishinda kwenye mstari wa pili. Kiswahili tulikisema wote kule Buyenzi, Bujumbura, wakati baba yako anawashonea watu suruali, kwa hiyo ndani yake tunaweza kutazamana bila mmoja kumpigia mwingine magoti.

Nimeambiwa barua ya ofisini lazima ianze na historia hata kama anayeisoma anaijua. Basi historia ni hii. Kiwanda cha matofali na vigae cha hapa bondeni kilinunua garimoshi dogo huko Ubelgiji, likaja vipande vipande juu ya malori, likaungwa hapa hapa. Nchi yetu haina reli, lakini kiwanda kilikuwa nayo, ndani ya ua wake: kutoka shimo la udongo hadi kwenye matanuru, na njia za pembeni za kupangia mabehewa. Kazi ya garimoshi hilo ilikuwa kupanga. Linasukuma mabehewa matupu shimoni, linavuta yaliyojaa, linayatenga ya matofali huku na ya vigae kule, nenda rudi, bila kuvuka geti hata mara moja. Dereva wake tangu siku ya kwanza alikuwa mume wangu Silvère Nkusi, aliyejifunza kazi hiyo Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka Bujumbura. Yeye ndiye aliyelipa jina la Bihogo, ambalo sisi humpa ng'ombe mwekundu. Na kama mfugaji yeyote anayejiheshimu, alimtungia Bihogo sifa zake, akawa anamwimbia kila alipofungua mvuke. Mwaka juzi kiwanda kilinunua matrekta. Bihogo akazimwa moto, Silvère akapewa saa ya ukutani na kushikwa mkono na meneja. Kisha ikaja Kamati yako, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

1. Kuhamishwa kwa Bihogo

Kamati iliamua kwamba hazina ya taifa haiwezi kukaa bondeni kwenye matope, ni lazima ipandishwe Kicukiro, kwenye uwanja ambako wageni wataiona. Sikatai. Lakini ulituita kwa umuganda, ile kazi ya pamoja isiyo na malipo, wakati ule ambao watu walikuwa bado wanauitikia, ukatupa kamba. Reli tulikuwa na vipande viwili tu kila upande: Bihogo akishapita, vya nyuma vinang'olewa vinakimbizwa mbele. Hivyo ndivyo nchi ilivyopata ile reli tuliyoahidiwa na kila aliyewahi kututawala, ingawa yetu ilikuwa inaisha nyuma kadiri inavyofika mbele. Mimi nilivuta. Padri alivuta. Wewe ulisimama pembeni umevaa koti, unatuhesabia moja, mbili, tatu kwa Kifaransa. Sina kinyongo, mwanangu, mtu mwenye koti zuri hawezi kushika kamba yenye grisi. Naomba tu iandikwe mahali fulani kwamba mashine iliyonunuliwa ili watu wasivute, mwishowe ilivutwa na watu.

2. Paa

Bihogo amejengewa paa la mabati mapya yanayong'aa mpaka watu wa Gisimenti wanaoneshana kwa vidole. Paa letu mimi na Silvère unalijua, ulikula hapa Krismasi, na bila shaka unakumbuka uliombwa uhamishe kiti. Mvua ikianza kunyesha, mimi napanga sufuria chini ya matundu. Silvère anavaa koti la mvua anakwenda Kicukiro kuangalia kama Bihogo analowa. Wewe umesoma, niambie mke afanye nini na mtu wa namna hiyo.

3. Chokaa

Hili linahitaji utulivu, kwa hiyo nimekunywa maji kwanza. Vyama vya siasa vilipokuwa vingi, vijana wa chama kimoja walifunga bendera kwenye bomba la moshi la Bihogo. Kesho yake wa chama kingine wakaishusha wakafunga yao. Wa tatu wakadai kwamba wekundu wa Bihogo ni rangi yao na kwamba alikuwa mwanachama tangu zamani. Kamati, kwa kuogopa kuonekana ina upande, ikatoa amri apakwe chokaa. Akapakwa mwili mzima: magurudumu, pistoni, mikono ya breki, hata kile kioo ambamo dereva huangalia maji yamefika wapi. Nimeishi miaka mingi na sijapata kuelewa kwa nini sisi kila tunachotaka kukiheshimu tunakipaka chokaa. Mgeni mkubwa akija tunapaka mawe ya barabarani. Tunapaka miti, ambayo haikutuomba. Bihogo sasa anaonekana kama jiwe linalomngoja waziri.

Silvère alipoona, alirudi nyumbani akalala, akageukia ukutani. Maharage yalipoa, na wewe unajua Silvère hachezei maharage. Nilipomuuliza ana nini alisema, “Wamemuziba pumzi.” Siku iliyofuata alichukua msasa na kitambaa chenye oili, akaenda akamsafisha pistoni moja mpaka ikang'aa. Mlinzi wenu, Niyonzima, alimwona, akaja kuniambia kwa upole, maana ni mtu mzuri: “Mama, mimi iko naona mzee anasema na ile machini kama mutu. Tena anangoja ijibu.” Majirani wakasikia, wakaanza kunishauri nimfikishe hospitali ya Ndera akapimwe akili. Niliwajibu kwamba anayetakiwa kupimwa ni aliyepaka chokaa kioo cha maji. Nasikitika kama katika Kamati kuna mjumbe ambaye hilo litamgusa.

4. Kibao

Kibao mlichobandika kinasema: “Garimoshi lililoifungulia Rwanda milango ya dunia.” Mwanangu, hata geti la kiwanda halikuwahi kufunguliwa lipite. Mimi mwenyewe nimefika Uvira, nchi nyingine, kwa mtumbwi wa injini na sijawekewa kibao. Sasa Niyonzima, ambaye anapenda kuwafurahisha wageni, amekwisha kuongeza habari zake: anawaambia Bihogo alitoka baharini mpaka hapa bila kusimama, na watu wanapiga makofi. Ukimpa mlinzi uongo mdogo wa kulinda, usishangae akiulisha ukakua. Andikeni tu kwamba lilipanga mabehewa ya udongo, na kwamba kila nyumba ya vigae mnayoiona kutoka hapo uwanjani, pamoja na yako, ina mkono wake ndani. Hiyo ni kweli na inatosha.

5. Ulinzi

Tuko vitani. Barabara ya kaskazini imefungwa, dizeli ni ya kutafuta kwa tochi, na ndiyo maana yale matrekta yaliyomfukuza Bihogo sasa yamesimama kuku wanatagia humo. Watu waliokimbia vita kutoka Byumba wanalala chini ya mashitingi, yale maturubai ya plastiki ya msaada. Mwezi uliopita akina mama kadhaa walipita pale uwanjani na watoto wao, mvua ikawakuta, wakaomba kujikinga chini ya mabati ya Bihogo. Amri ya Kamati inasema hakuna kuvuka uzio, kwa sababu watu wanaweza kuharibu historia. Niyonzima akawafungulia. Alipoulizwa na katibu wako alijibu, “Mimi iko na amri, lakini mvua nayo iko na amri yake.” Kwa jibu hilo mkamkata mapumziko yake ya Jumapili. Mimi ningempa cheo. Nakuambia haya si kwa kukukejeli, ingawa nakukejeli, bali kwa sababu nilikulea na najua hukulelewa hivyo. Historia gani hiyo inayoharibika kwa mtoto kuegemea gurudumu asilowe?

6. Barua ya onyo

Sasa tumefika kwenye mfupa. Wiki iliyopita Silvère alipokea barua ya Kamati, yenye muhuri na sahihi yako, ikimkataza kukaribia uzio. Ndani yake anaitwa “mtu asiye na uhusiano wowote na mashine hiyo.” Aliisoma amekaa kizingitini. Akaniomba niisome na mimi, kwa sauti, akidhani labda macho yake yameruka neno. Nikaisoma. Alikunja karatasi akaitia mfukoni, na mpaka leo anatembea nayo. Mtu huyu alishika maneno machache sana maishani, mengi ni ya sifa za Bihogo, na wewe ukampa hayo.

Kama hana uhusiano nayo, mimi nilikuwa nafua masizi ya nani? Na yale makovu ya mvuke mikononi mwake, aliyapata kanisani? Wewe ni Mnyarwanda, hata kama ofisi yako ina kiyoyozi. Ng'ombe wa mahari akipelekwa kwa wakwe, mchungaji wake humsindikiza, hukaa naye hadi ng'ombe azoee maji ya pale, na wenye nyumba humpa pombe na kiti. Hakuna aliyewahi kupokea ng'ombe akamwandikia mchungaji barua ya onyo. Wewe umekuwa wa kwanza, na kwa hilo pengine na wewe unastahili kibao.

Ombi lenyewe

Kwa kuwa Kamati imeonesha kwamba ina mabati, rangi, walinzi na wino, naomba rasmi imhifadhi mume wangu Silvère Nkusi, mahali pale pale alipo Bihogo, ndani ya uzio.

Nilisikiliza tangazo lenu redioni kwa makini. Mlisema kitu cha kuhifadhiwa lazima kiwe kimetumika sana, hakitengenezwi tena, na vipuri vyake havipatikani. Silvère ametumika mpaka magoti yanalia akipanda kitanda. Aina yake haitengenezwi tena, nimetafuta mfano wake kwa wakwe zangu vijana sikuuona. Meno matatu yaliyotoka hayakupatikana mengine ya kufanana nayo. Anatoa moshi, wa kiko. Anapiga filimbi kupitia lile pengo. Akipanda mlima wa kanisani husikika kabla hajaonekana. Ukimweka kando ya Bihogo, mgeni atauliza kipi kati ya hivyo kimetoka Ubelgiji.

Upande wangu sitapinga, kwa sababu nyumbani hanifai kitu. Tangu aachishwe kazi ananipangia nyumba. Sufuria tupu huku, zenye chakula kule. Viti amevipanga foleni, na anayetaka kutoka lazima asubiri aliye mbele yake apishwe. Nikitaka chumvi naambiwa niondoe kwanza unga, kwa sababu chumvi iko nyuma. Juzi nilimkuta uani anawatenga kuku wanaotaga na wasiotaga, amewapa kila mmoja njia yake, na jogoo amesimama peke yake pembeni anangoja zamu. Nilikaa kwenye ngazi nikacheka mpaka nikalia, halafu nikaona kwamba nalia tu.

Maelezo ya utunzaji ni mafupi. Asubuhi uji wa mtama, usiwe moto sana. Magoti yapakwe siagi ya ng'ombe, si mafuta ya duka. Jumapili atolewe aende misa, asije akashika kutu ya roho. Asipakwe chokaa. Watoto wa shule wanaruhusiwa kumwuliza maswali, ila wajiandae kukaa. Na kwenye kibao chake msiandike kwamba aliifungulia Rwanda milango. Andikeni alikuwa mtu wa Bihogo, basi.

Najua mtasema mkimpokea huyu mtawafungulia mlango wengine, na kweli mtawafungulia. Atakuja yule mzee aliyekuwa analisha moto kwenye matanuru na mapafu yake. Watakuja akina mama waliobeba udongo kichwani kabla reli haijafika shimoni. Watakuja walimu wastaafu, wauguzi, makarani, wapishi wa wazungu walioondoka bila kuaga. Wote wametumika sana, wote hawana vipuri. Uzio utabidi usogezwe, kwanza uchukue Kicukiro, kisha ushuke Gikondo, uzunguke mjini na upande Nyamirambo, mpaka Kigali nzima iwe ndani. Nje mtabaki nyinyi wa Kamati peke yenu na makoti yenu. Hapo kwa kweli itafaa muwekewe kibao na nyinyi, ili watu wa baadaye wajue mlikuwa wa kazi gani.

Nangoja jibu lako kwa maandishi, lenye muhuri, kwa sababu nimeona familia yetu sasa tunazungumza kwa mihuri.

Mfikishie salamu mke wako Natacha, mwambie kile kitenge nimekipenda na nimekivaa. Wasalimie watoto, wasalimie wajumbe wote wa Kamati mmoja mmoja, hata yule wa chokaa. Msalimie Niyonzima ukipita, na umrudishie Jumapili yake. Afya yangu ni nzuri, sauti yangu pia, kama utakavyogundua Pasaka utakapokuja.

Ni mimi, ninayeiheshimu ofisi yako na kumpenda aliyemo ndani yake,

Shangazi yako,
Pudentienne Gahongayire, mke wa dereva

Nyongeza, kabla ya kufunga bahasha:

Barua hii ilikuwa iletwe na Niyonzima, lakini mvua imebeba daraja la miguu la bondeni, kwa hiyo yeye hawezi kuja huku na Silvère hawezi kwenda huko. Siku hizi zote amekaa nyumbani.

Leo niliamka jua limeshaingia dirishani, nikamkuta kitandani. Wewe hujui maana ya hilo, ngoja nikueleze. Mashine ya mvuke haingoji jua. Moto huwashwa kungali giza ili mvuke uwe tayari kazi inapoanza. Tangu nimeolewa nimekuwa nikiamka peke yangu, upande wake umeshapoa. Hata baada ya kuachishwa kazi mwili wake uliendelea kuamka saa ile ile na kuondoka. Leo alikuwepo, ameegemea kiwiko, ananitazama. Akasema, kwa kile Kiswahili chake cha Kalemie, “Kumbe wewe unalalaka umefunga ngumi.”

Achille, sikujua. Hakuwahi kuwepo mtu wa kuniambia.

Tuliamka tukakaa jikoni. Aliwasha moto wangu kama anayetaka kuvuta mabehewa, uji ukaungua, tukaunywa hivyo hivyo. Aliniuliza habari za watu waliokufa zamani, kana kwamba amerudi kutoka safari, na mimi nikamweleza wote.

Kwa hiyo ombi langu naliondoa. Ningeichana barua yote, lakini malalamiko mengine bado yapo pale pale na karatasi ni ghali. Usimchukue. Usimpe kibali, usimpe cheo cha mtunzaji, usimwombe radhi kwa maandishi, maana ukimwomba radhi atarudi huko kesho yake. Uzio ongeza kamba moja juu. Daraja lisiharakishwe. Najua atahuzunika, na inaniuma, lakini Bihogo alikuwa naye ujana wote na mimi nilivumilia. Safari hii Bihogo ndiye avumilie.

Siku akija ofisini kwako kuomba ruhusa, atakuwa amevaa koti lake la harusi, kwa hiyo usimfokee. Mpe kiti, mpe chai, mwambie Kamati bado inalijadili, kisha mrudishe nyumbani mapema.